Aliyesimama Ndani ya Nyeusi

Siku ile mjinga alikuwa Inspekta mwenyewe, na hakuna haja ya kumtafutia mwenza. Walimwita Kobe. Kwanza ni kwa shingo yake iliyochungulia na kurudi ndani ya kola, pili ni kwa mwendo wake kazini, maana alichelewa kufika lakini akifika hang'oki. Siku ile kobe alitaka kukimbia. Na ukiona kobe anakimbia, ujue shimo liko mbele.

Binti wa marehemu alimfuata kituoni asubuhi na kijitabu cha kumbukumbu ya baba yake, kimetoka kiwandani jana yake, bado kinanuka wino. Akakiweka mezani, akasema nyuma ya baba pana mtu amesimama.

Kobe akakitazama. Jaladani alikuwamo marehemu, waliyemwita Mpimaji, mzee aliyepima mashamba ya watu maisha yake yote na kustaafu na nyumba ya urithi ya ghorofa moja na magoti mabovu. Amekaa kitini, koti jipya la kijivu, mikono juu ya fimbo. Nyuma yake mlango wa chumba uko wazi, na ndani ya mlango ni weusi tupu. Mtu hakumwona. Basi akafanya kama wafanyavyo wapelelezi wa kisasa. Akamwomba binti faili lenyewe, ile PDF iliyopelekwa kiwandani, akaifungua kwenye kompyuta ya ofisi, akaikuza mpaka pua ya marehemu ikawa kubwa kama kiatu. Nyuma ya kiti, peusi. Akaongeza mwanga wa skrini mpaka mwisho. Peusi. Akaichapa kwa printa ya kituo, ile inayokohoa kabla ya kutoa karatasi. Peusi vilevile. Akamrudishia binti kijitabu chake, akamwambia kwa upole kwamba huzuni ina macho yake, na kwamba aende nyumbani akalale.

Binti hakwenda kulala. Alikwenda kwenye gari lake na kurudi na katoni kifuani. Akavipanga vijitabu kwenye ukingo wa dirisha, kimoja baada ya kingine, vimeegemea kioo kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia kwa ubavu. Akamwomba Inspekta asogee kushoto kidogo.

Kobe akasogea, kwa heshima tu, ili yaishe.

Nyuma ya kila Mpimaji palikuwa na mtu. Hakuwa mchoro, wala hakuwa doa. Ilikuwa ni sehemu ya weusi iliyokuwa nyembamba kuliko weusi mwingine: mabega, shingo, kichwa kilichoinama kidogo kama cha mtu anayesikiliza. Chini zaidi, juu ya mgongo wa kiti, palikuwa na kitu chenye umbo la vidole. Alipogeuza kichwa kulia, wote wakatoweka. Aliporudi kushoto, wote wakarudi kwa pamoja, kama watu wenye jina moja wanaoitikia wito mmoja.

Shingo ya Inspekta iliingia ndani ya kola na kukaa huko kwa muda.

Jambo hili lingeweza kuishia kwa waombaji na wafukiza ubani, kama si mtu mmoja aliyekuwa amelala juu ya saruji ya mahabusu, chini ya sakafu ileile. Alikuwa muuguzi wa Mpimaji. Kwa maelezo yake, jioni ile alimwacha mzee ghorofani akiwa mzima, anahangaika na kamera yake, akaenda duka la dawa. Aliporudi alimkuta chini ya ngazi bado anahema, akampakata kichwa mpaka alipokata roho. Muuza dawa hakumkumbuka. Majirani walikumbuka damu kwenye nguo zake. Kobe akajumlisha, jibu likawa muuguzi. Kesho angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuua, na saini iliyompeleka huko ilikuwa ya Kobe. Hoja yote ilisimama juu ya mguu mmoja: kwamba ndani ya nyumba walikuwa wawili tu, muuguzi na mgonjwa wake.

Akamketisha binti, safari hii kwa adabu, akamwomba aeleze picha ile ilitoka wapi. Binti akasema lile koti alimtumia baba yake kama kifurushi, likamfikia mchana wa siku aliyokufa. Jioni mzee alimpigia simu: amelivaa, linamkaa vizuri, anajipiga picha kwa kamera ya kujifyatua, ataiona. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya mwisho ya baba masikioni mwake. Ndiyo maana baada ya mazishi alisisitiza jaladani ikae picha hiyo na si nyingine. Kamera alikuwa ameichukua binamu yake, mtoto wa shangazi, ambaye kazi yake ni usanifu wa vitabu na mabango. Huyo ndiye aliyetengeneza kijitabu. Alitoa visingizio siku nzima, mara kamera ni mbovu, mara picha haina ubora, mwisho akaitoa.

"Na wewe picha yenyewe uliiona wapi kwanza?" Kobe akauliza.

"Kwenye jalada. Kabla ya hapo alinionyesha kwenye simu yake, kwa mbali, kama mtu anayeonyesha kitambulisho."

Kiwanda cha uchapaji kilikuwa nyuma ya duka la matairi, jengo refu lisilo na madirisha upande mmoja. Ndani palikuwa baridi kuliko nje, maana karatasi zikipata joto hujikunja kama mtu anayeumwa tumbo. Mtambo mkubwa ulikuwa umezimwa ukisubiri kazi ya mchana, na ukimya wake ulikuwa ule wa mnyama aliyeshiba. Kando yake palikuwa na rundo la karatasi pana ambazo hazijakatwa. Katika kila karatasi jalada lilijirudia mistari kwa mistari. Kobe alipopita karibu, taa za dari zikapiga kwa pembe, na nyuma ya wazee wote wa karatasi ya juu watu wakasimama. Akarudi hatua moja. Wakaondoka.

Mwenye kiwanda alikuwa mwanamke mrefu wa miwani ya kamba, watu wote wa kazi hiyo wakimwita Mama Wino. Alisomea uchapaji miaka ya kutosha kumkera mtu yeyote anayesema rangi ni rangi. Alimkaribisha Inspekta, akampa binti kiti na pole, kisha akasema kama wamekuja kumkamata wasubiri anywe chai, maana huko wanakopelekwa watu anasikia chai ni ya kuomba.

Kobe alikuwa na dhana mbili na alianza na ile ya heshima. Alikuwa amesikia kwamba wino mbichi wa karatasi moja unaweza kuipaka karatasi iliyo juu yake. Mama Wino hakubishana. Alimchomolea karatasi moja ya juu, moja ya katikati na moja ya chini kabisa ya rundo, akazilaza mezani chini ya taa nyeupe. Yule mtu alikuwa palepale katika zote, hajasogea hata unene wa ukucha.

"Uchafu unazurura, Inspekta," akasema. "Huyu hazururi. Halafu uchafu hauna mabega."

Dhana ya pili haikuwa ya heshima. Kobe akataka kujua nani kati ya wafanyakazi ana ugomvi na familia, au ana utani wa kijinga, au anajua kuchora. Mama Wino akavua miwani, akaiacha ining'inie. Akaeleza kwamba hapo hakuna mkono wa mtu unaochora chochote. Faili linaingia kwenye mashine, mashine inachonga mabamba ya alumini kwa mwanga, mabamba yanafungwa kwenye mtambo. Mabamba manne kwa wino nne: samawati, waridi, manjano na nyeusi. Picha yoyote unayoiona kitabuni ni hizo nne zimepandana. Kama kuna anayemshuku, basi ayaulize mabamba. Kwa bahati yalikuwa bado hayajapelekwa kuyeyushwa.

Akayatoa kwenye tegemeo la ukutani na kuyabeba moja moja mpaka mlangoni, kwenye mwanga wa nje.

Bamba la samawati: Mpimaji kwa rangi ya jivu, na nyuma yake mtu, mkono juu ya kiti. Bamba la waridi: Mpimaji, na mtu. Bamba la manjano: mzee hafifu kama moshi, na mtu hafifu kama moshi. La mwisho lilikuwa la nyeusi. Humo macho ya Mpimaji yalionekana wazi kuliko kwingine kote, na nyuma yake palikuwa weusi mtupu. Hapakuwa na mabega wala vidole.

Binti alikuwa amesimama akiegemea mlango. Alinyoosha kidole na kukipitisha hewani karibu na bamba la samawati, akifuata umbo la kichwa kile bila kukigusa.

"Mashahidi watatu wamemwona," Kobe akasema, "na wa nne anasema alikuwa msalani."

"Hujakosea. Wa nne ndiye aliyemfunika."

Wakaenda kwenye chumba cha ukaguzi, ambacho kuta zake zilipakwa kijivu ili rangi ya ukuta isidanganye macho. Mama Wino akamuuliza Inspekta alikuwa amefungua ile PDF kwa programu gani. Kobe akajibu ni ile inayofungua kila kitu. Mama Wino akasema inayofungua kila kitu haikagui chochote, na akafungua yake.

Alichomweleza, Kobe alikiandika kwa maneno machache, na hapa kinatosha hivyohivyo. Katika programu za kusanifu kurasa, ukichukua ile nyeusi ya kawaida, nyeusi ya herufi, yenyewe imepangwa ilale juu ya rangi nyingine bila kuzichimba, yaani bila kuzifuta pale ilipolala. Ni kwa faida ya maandishi, yasije yakawa na ukingo mweupe karatasi ikiyumba. Sasa mtu akichukua nyeusi hiyo na kuchora kiraka juu ya picha, skrini ya kawaida itamwonyesha kiraka kimeziba kila kitu. Mtambo hauoni hivyo. Mtambo unachapa samawati, waridi na manjano ya picha iliyo chini kama ilivyo, halafu unatandika nyeusi juu yake. Ni kama shuka. Ukimfunika aliyelala, rangi yake inapotea lakini umbo linabaki.

"Pale ambapo picha yenyewe ilikuwa giza, wino zote nne zimejaa, weusi unakuwa mzito," akasema. "Pale aliposimama mtu, wino za chini ni chache. Ndiyo maana anaonekana ukiinamisha karatasi. Kiraka kilikuwa mraba mkubwa tu, angalia mipaka yake hii. Huyo mtu kajichora mwenyewe."

Kobe akauliza kama anaweza kukiondoa kiraka. Mama Wino akasema haihitajiki, kuna njia fupi. Kando ya skrini palikuwa na majina ya wino nne, kila moja na alama ya jicho. Akaweka mshale kwenye jicho la nyeusi.

"Dada, kaa," akamwambia binti.

Binti akakaa. Mama Wino akabonyeza.

Mpimaji akapauka, koti likawa la buluu mbovu. Na ndani ya mlango nyuma yake akatokea mwanamke. Hakutokea kidogokidogo. Alikuwepo tu, kama aliyekuwa anasubiri mlango ufunguliwe. Mtandio kichwani, mkono wa kushoto juu ya mgongo wa kiti, kidevu kimeinama kuelekea kisogo cha mzee. Kwa kuwa wino mweusi umezimwa, uso ule haukuwa na mboni wala kope. Mahali pa macho palikuwa na vishimo viwili vya rangi ya udongo. Mdomo ulikuwa umefunguka nusu. Mzee yeye alikuwa anaitabasamia kamera. Hakuwa anajua.



Uso ule Kobe aliujua. Alikunywa chai nyumbani kwake siku alipokwenda kuchukua maelezo. Alikuwa dada wa marehemu, yule shangazi, aliyesema jioni ile hakutoka kwake, na mwanawe, huyo msanifu, akasema ndivyo, walikuwa wote sebuleni. Kobe aliyaandika maelezo yale, akashukuru kwa chai, akaondoka.

Binti alisema neno moja tu, "Shangazi," kwa sauti ya mtu anayesoma jina mlangoni.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya kawaida, na Kobe aliifanya kwa mwendo wake halisi. Alitaka kujua kwanza iweje msanifu mzoefu akafanya kosa hilo. Mama Wino akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kisicho na furaha sana. Kosa halikuwa kutojua, akasema, kosa lilikuwa utiifu. PDF ya kwanza kijana aliyoleta ilikuwa ya rangi za skrini. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, karatasi inatengeneza kwa wino, na katikati yao lazima pawe na mkalimani. Mkalimani huyo ndiye profaili ya rangi: inasema, kwa mtambo huu na karatasi hii, giza kiasi hiki ni wino kiasi gani. Kiwanda chake kina profaili yake na kila mteja hupewa. Yeye faili la rangi za skrini hapokei, hata kama mwenye faili ana msiba.

"Nikamrudishia. Nikamwambia ageuze kila kitu kwa profaili yangu wakati wa kutoa PDF, ndipo alete. Akageuza. Katika lile la kwanza kiraka kingemmeza huyu mama mzimamzima, maana rangi za skrini hazina habari ya wino kulalia wino. Alipolitii sharti langu ndipo akamfukua."

Kobe akauliza kama kijana hakuona sampuli ya karatasi kabla ya kuchapa. Mama Wino akasema aliitwa, akajibu yuko mbali, atumiwe picha. Akaidhinisha kwa simu. Hapo Inspekta akaona upenyo wa kulipa deni la utani wa asubuhi yote. Akauliza kwa sauti ya karani: na mwenye kiwanda, msomi, mwenye chumba cha ukuta wa kijivu, yeye alikagua nini?

Mama Wino akairudisha miwani usoni. "Nilikagua uso wa marehemu, koti, herufi za jina lake, jumla ya wino. Na mimi nimo, usiniache nje. Lakini niambie ukweli, Inspekta, nani hukagua giza?"

Asubuhi ile Kobe alilikagua na hakuona kitu.

Walikubaliana kwamba Mama Wino ampigie msanifu simu ya kazi: jalada lina kasoro ndogo ya rangi, aje na kompyuta yake lichapwe upya kwa gharama ya kiwanda. Hakuna msanifu anayekataa neno hilo. Alifika kabla ya adhuhuri, kijana mwembamba wa shati jeupe, na hakuja peke yake. Mama yake ndiye aliyeendesha gari. Alikuja kuchukua katoni zilizobaki, akasema, maana jamaa wanauliza. Alimkumbatia binti wa kaka yake muda mrefu. Binti alisimama wima ndani ya kumbatio lile, mikono ikiwa imening'inia.

Inspekta akawapa viti katika kile chumba cha kijivu. Skrini ilikuwa imegeuzwa ukutani. Alimshukuru mama tena kwa chai ya siku ile, akaomba radhi kwa usumbufu, na kwa kuwa wapo, angependa kumuuliza kijana mambo mawili matatu ya kitaalamu, yeye akiwa mtu wa zamani.

Je, picha ile aliibadilisha? Kijana akasema aliongeza mwanga usoni kidogo, basi.

Na nyuma ya mjomba wake kulikuwa na nini?

"Giza tu."

"Giza lenyewe la picha?"

"Lenyewe."

"Sasa kile kiraka cheusi ulichoweka juu yake kilikuwa cha nini? Giza lilikuwa linasikia baridi?"

Kijana akatazama mgongo wa skrini. Akasema sawa, kweli, kulikuwa na kabati nyuma, liko wazi, nguo zimemwagika, halikupendeza kwa kumbukumbu ya mtu mzima. Akaliziba. Ni jambo la kawaida, wasanifu wote hufanya.

Shangazi akaongeza kwamba kaka yake, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kupanga nguo.

Kobe akaitikia kwa kichwa, pole pole, akaandika neno kabati. Kisha akamwomba Mama Wino awaonyeshe hilo kabati.

Skrini ikageuzwa. Wino wa nyeusi ulikuwa bado umezimwa. Yule mwanamke wa rangi tatu akamtazama mwanamke aliyekaa kitini kwa vile vishimo viwili, na aliyekaa kitini akainua mkono wa kushoto, ule ule, akaurekebisha mtandio wake. Wa kwenye skrini hakurekebisha. Ni hapo tu mtu angeweza kusema yupi ni yupi.

"Picha hii ilikuwa wapi?" akauliza. Hakumuuliza Inspekta. Alimuuliza mwanawe. "Ulikuwa nayo?"

"Toka kesho yake," kijana akasema. "Uliniambia niwaambie polisi tulikuwa wote, maana eti ulikuwa kwa rafiki yako na hutaki usumbufu. Nikawaambia. Halafu nikafungua kamera." Akamtazama binti. "Dada alipoing'ang'ania hii picha, ningemwambia nini? Kuikata nisingeweza, mkono wako uko juu ya kiti chake. Nilijaribu, mama."

Kwa mara ya kwanza siku ile shingo ya Kobe ilitoka ndani ya kola yote. Alimuuliza mama kama angependa kurekebisha maelezo yake. Mama alikuwa na marekebisho, na aliyatoa kwa mpangilio mzuri. Kwanza, picha ile ilikuwa ya siku nyingine, maana kwa kaka yake alikuwa akienda mara kwa mara. Binti akasema kwa utulivu kwamba koti lile lilikuwa na siku moja tu hapa duniani. Basi, mama akasema, alipita kidogo, mlango wa chini ulikuwa wazi, akamkuta kaka yake juu anajipiga picha, hakujua kama kamera imefyatuka. Kijana, ambaye sasa alikuwa anaongea kama bomba lililopasuka, akasema mama yake alikwenda kwa ajili ya nyumba. Binti alikuwa amepanga kumchukua baba yake akaishi naye na nyumba iuzwe, na mama alizaliwa ndani ya nyumba ile. Alikwenda kumsihi asiuze.

"Nilimsihi," mama akasema. "Kumsihi ndugu si dhambi. Akakasirika, akanyanyuka, akaelekea ngazini na ile fimbo yake. Aliteleza mwenyewe. Mimi nilikuwa bado chumbani, nilisikia kishindo tu. Nikaogopa, nikatoka, nikaenda kwangu. Siku hizi kuogopa nako ni kosa la jinai, Inspekta?"

Kobe akamkumbusha kwamba chini ya kituo chake kuna mwanamke ambaye kesho anasimama mahakamani kwa sababu ya woga huo.

"Yule ni wa kuajiriwa. Hana undugu na sisi. Leo tuuvunje ukoo kwa ajili yake?" Akamgeukia binti wa kaka yake, akamshika kiganja kwa mikono miwili. Sauti yake ikawa ile ya kubembelezea watoto. "Mwanangu, wewe ni damu yangu, waambie hawa. Kaka alikuwa amekwisha. Hata ningebaki, ningemfanyia nini? Nisingeweza hata kumsogelea. Niliondoka bila kumtazama, naapa, hata uso wake sikuuona."

Binti akakitoa kiganja chake taratibu, kidole kwa kidole.

"Nyumba ile ina ngazi moja, Shangazi. Ulipokuwa unatoka, ulimruka au ulimkanyaga?"